Umeme umepanda kutoka 60,000 hadi 110,000 kwa mwezi, na nyumba nzima inalilaumu friza langu

MamaUbuyu_Kibamba – Jumapili, saa 2:40 usiku

Habarini wakuu. Naomba msaada wa kitaalamu kabla sijagombana na mama mkwe.

Niko Kibamba, nyumba yetu wenyewe, tuko sita: mimi, mume, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kwa "wiki mbili" tangu Idi. Hadi mwezi wa saba tulikuwa tunaweka LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 60,000 na mwezi unaisha. Wa nane ikawa 85,000. Wa tisa 110,000. Huu tulio nao ndio kwanza tarehe 19 na nimeshanunua mara nne. Msiniambie bei, bei ni ile ile. Nikiweka elfu kumi napata uniti 28 na vichembe, isipokuwa ile ya kwanza ya mwezi inayokatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kwa hiyo kuna kitu humu ndani kinakula.

Vilivyomo: friji la jikoni, friza la kulala la barafu zangu za ubuyu, TV, feni tatu, pasi, blenda, taa zote za LED, na pampu ya kisima (hii msiihesabu, tanki tunalijaza mara moja kwa siku na pampu yenyewe iko chini huko hata haisikiki). Kupika ni gesi, na mkaa kwa maharage na makande. Hatuna AC, hatuna hita ya kuogea.

Kesi ni friza. Nauza barafu za ubuyu kwa watoto wa shule mbili za hapa jirani, ndiyo pesa yangu pekee ambayo siombi ruhusa kuitumia. Mume anasema liuzwe. Mama mkwe yeye hata hasemi, saa 4 usiku analizima kimya kimya, asubuhi nakuta barafu za juu zimelegea kama uji.

Halafu la pili. Naendesha gari, Toyota IST, kwenda kazini Magomeni, kilomita 20 na kidogo kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Mafuta nayo yananimaliza. Mume ana mpango wa kufunga gesi kwenye gari na kuweka sola ya milioni 4 juu ya paa, yote kwa mkopo, eti tuwe watu wa nishati safi. Mimi nauliza: nianze na lipi? Na friza kweli ndilo lenye makosa?

Chidi_Mwembetogwa – saa 2:52 usiku

Uza friza, mrudishe mama mkwe kwao. Kesi imefungwa.

FundiBaridi – saa 3:31 usiku

Dada pole. Mimi fundi wa mafriji, huu mwaka wa 17, na nakuambia kitu cha kuninyima kazi: usiite fundi bado. Wala usinunue kitu wala kuuza kitu. Una mita ukutani inayojua kila kinachoendelea humo ndani, hujaiuliza tu.

Toka nje uiangalie mita usoni. Kuna kitaa chekundu kidogo kama punje ya mtama, kinapepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh, zipo za 1600 na za 3200. Kama yako ni ya 1000, kila kikipepesa mara 1000 umekula uniti moja. Shika simu, weka saa ya kuhesabu, hesabu kwa dakika moja kamili. Zidisha kwa 60, hizo ndizo wati zinazotumika sekunde hiyo. Ukipata 10, ni wati 600. Washa pasi uone, kitaongeza kama 17 kwa dakika, ndiyo ujue pasi si mchezo. Feni moja kinaongeza 1 tu.

Ukishajua jumla, zima kimoja kimoja, uhesabu tena. Kazi ya robo saa. Watu wananilipa 20,000 kuja kufanya hivyo na wananiona mganga.

Friza sasa. La kulala la lita 200 hivi likiwa zima, mashine ikiwa inafanya kazi ni wati 100 hadi 150, na haifanyi kazi muda wote. Kwa heshima zote kwa mama, kulizima usiku hakuokoi anachofikiria. Ubaridi unaopotea usiku mashine inaurudisha asubuhi kwa kufanya kazi mfululizo, na juu yake umeharibu mzigo. Ukitaka lipunguze kula, lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani lipumue. Juisi ya moto usiingize, iache ipoe kwenye beseni la maji kwanza. Barafu ya kwenye kuta ikifika unene wa kidole izime uiyeyushe, na NAKUOMBA usiikwangue kwa kisu. Nusu ya mafriza yanayokuja kwangu yamekufa kwa kisu cha jikoni, bomba limetobolewa, gesi imetoka. Halafu chukua noti ya 1,000, ibane na mfuniko, ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imechoka. Zunguka nayo pande zote nne, raba huwa inachoka kona moja tu.

Lete majibu.

Wa_Naivasha – saa 3:58 usiku

Hiyo ya kuhesabu kitaa ni kweli. Huku kwetu Kenya ilikuwa shawa ya moto, ile ya kupachikwa kichwani pa bomba. Imeandikwa wati 5,500 na sisi hatukuwahi kusoma. Vijana wangu wawili walikuwa wakioga dakika kumi na tano kila mmoja asubuhi kama wanaenda arusini. Hapo ni karibu uniti 2.75 kabla ya chai. Mimi naishi karibu na Olkaria, naona mvuke wa jotoardhi ukitoka ardhini bure, lakini tokeni bado nanunua. Siku hizi wanapashiwa maji kwa sola ya juu ya paa, na ikipita saa mbili asubuhi wanajua wataoga baridi.

MamaUbuyu_Kibamba – Jumatatu, saa 3:20 usiku

Nimerudi kutoka kwenye mita. Mbu wamenila, mbwa wa jirani amenibwekea dakika kumi, na mlinzi wa nyumba ya mbele alikuja na tochi kuuliza dada unatafuta nini ukutani. Nikamwambia nahesabu umeme. Akaondoka polepole bila kunipa mgongo.

Mita yangu ni ya 1000. Saa 2 usiku kila kitu kimewaka: 14. Nikazima TV, feni, taa, nikabakiza friji na friza tu: 5. Nikachomoa friza: 3. Nikalirudisha, nikachomoa friji: 2. Nilirudia mara tatu maana sikuamini kwamba kitu kinachotutenganisha mimi na mume wangu ni vipepeso viwili.

Noti ya 1,000 ilishikwa pande tatu, kona ya nyuma kushoto ilitoka yenyewe. Nimesogeza friza, nyuma yake nimekuta kandambili moja ya mwanangu ya mwaka juzi.

Fundi, nipigie hesabu ili niwasomee hapa ndani.

FundiBaridi – saa 3:44 usiku

Tuseme friza linakula wati 130 na linafanya kazi nusu ya siku. Hiyo ni uniti 1.56 kwa siku, kama 47 kwa mwezi. Kila uniti inakugharimu 356 ukijumlisha kodi na tozo, kwa hiyo friza ni kama 16,700 kwa mwezi. Na limekuwa likila hivyo tangu ulinunue. Wewe umepanda 50,000. Friza halihusiki, mwambie mumeo hivyo hivyo.

Elfu hamsini ni uniti 140 kwa mwezi, karibu 4.7 kwa siku. Kitu cha namna hiyo hakikuonekana saa 2 usiku ulipohesabu, maana yake hakiwaki muda wote. Kinakuja na kuondoka. Hesabu saa 8 usiku mkiwa mmelala. Hesabu na alfajiri. Na unijibu swali moja: mwishoni mwa mwezi wa saba kilibadilika nini hapo nyumbani? Hata kama unaona hakihusiani na umeme.

BintiTanga – Jumanne, saa 5:10 asubuhi

Shosti wakati fundi anaendelea na upelelezi, mimi naingia jikoni kwako. Umesema maharage na makande ni mkaa. Unanunua wa shilingi ngapi?

Nakuuliza kwa sababu mwaka jana nilipewa zawadi ya jiko la presha la umeme na nikaliweka kabatini miezi minne. Niliogopa LUKU. Kwetu umeme ni wa taa na TV, anayepikia umeme ni mtu wa ofisi. Siku mkaa ulipolowa ndiyo nikalitoa. Nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji, nikasoma mita kabla, nikabonyeza, nikaenda kusuka. Nimerudi yameiva, ngozi haijapasuka, mchuzi mzito. Mita ilikuwa imekula uniti 0.4, yaani shilingi 142 kwa bei yako. Mkaa wa buku yangu ulikuwa hauivishi nusu kilo, na kupulizia juu.

Siri ni kwamba hilo jiko lina koti, joto halitoki. Likishapanda presha umeme unakata, unarudi kidogo kidogo. Sasa usichanganye na lile jiko la koili linalowaka jekundu, lile weka mbali, linapasha joto jiko, ukuta na wewe mwenyewe. Na chapati sijawahi kuziweza kwenye umeme. Chapati zangu bado ni za gesi na sitaki mtu anishauri.

Wanaoogopa umeme hautatosha, bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, na wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Mkakati wa serikali ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi siyo mkakati ulionibadilisha lakini, ni yale maharage.

Tahadhari moja. Kama kuna mtu hapa yuko kwenye bei ya watumiaji wadogo, ile ya 100 kwa uniti kabla ya kodi, inaishia uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi hapo zinazofuata zinahesabiwa 350 kila moja. Pigia hesabu kwanza. Wewe MamaUbuyu uko bei ya juu tayari, huna cha kupoteza.

Dereva_wa_Usiku – Jumanne, saa 8:15 mchana

Nijibu la gari. Mimi ni dereva wa teksi mtandao, IST kama yako, na nimefunga gesi huu mwaka wa pili. Nililipa milioni 1 na laki 8.

Mafuta, EWURA (wadhibiti wa nishati) hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo mimi napigia 2,900 ili nisijidanganye. IST kwenye foleni ya Dar inatembea kama kilomita 12 kwa lita. Hapo kilomita moja ni shilingi 240. Gesi najaza kwa 1,550 kilo, na kilo moja inanifikisha kilomita 17. Kilomita moja shilingi 91. Naokoa 150 kwa kila kilomita.

Sasa sikiliza vizuri dada. Ili milioni 1.8 irudi natakiwa nitembee kilomita 12,000. Mimi natembea 150 kwa siku, ilirudi chini ya miezi mitatu. Wewe kilomita 40 na ushee, siku 22 za kazi, ni kama 1,000 kwa mwezi. Itakurudia baada ya mwaka, na hapo sijaweka riba ya mkopo wa mzee. Sikukatazi. Nakwambia tu gesi ni ya mtu anayeishi ndani ya gari.

Na kuna mambo hawakwambii wanapokufungia. Buti imekwenda. Mtungi umekaa pale, wangu unaingia kilo 10 hivi, mteja wa uwanja wa ndege akija na mabegi mawili tunaanza kupakata. Vituo vya kujaza ni vichache na foleni yake unaweza kuchemsha makande ya huyo BintiTanga, ndiyo maana mimi najaza saa 9 usiku. Mlima unausikia, gari inakuwa nzito kidogo. Plagi chakavu ambazo petroli ilikuwa inazivumilia, gesi haizivumilii hata siku moja. Petroli yenyewe bado unaihitaji, gari inawaka kwa petroli kwanza ikipata joto ndiyo inahamia gesi.

Kwa upande wa moshi ni nafuu kuliko petroli, na ni gesi yetu ya Songo Songo haikuja na meli. Lakini bado ni kitu kinachochimbwa na kuchomwa, tusiipambe sana.

Kabla ya yote hayo, mlango wa dereva ufungue. Pale kwenye nguzo kuna karatasi imebandikwa imeandikwa upepo wa tairi. Nenda kapime zako. Wengi ninaowaona wanaendesha na upepo wa 24 wakati gari inataka zaidi ya 30, halafu wanalalamikia injini. Na toa hizo kreti za soda kwenye buti, najua unazo.

MamaUbuyu_Kibamba – Jumanne, saa 9:02 mchana

Umejuaje kreti jamani.

Chidi_Mwembetogwa – saa 9:05 mchana

Kila IST ya mama anayefanya biashara ina kreti. Ni kama inatoka nayo Japani.

MamaUbuyu_Kibamba – Jumatano, saa 11:48 alfajiri

NIMEMPATA.

Wakuu sijalala. Saa 8 usiku niliamka, nikajifunga kanga mbili, nikatoka. Nyumba giza, TV imechomolewa ukutani, feni moja tu chumbani kwa mama. Nikahesabu: 5. Nikasema haya, leo hakuna kitu. Nikakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, nikaanza kusinzia. Saa 8 na dakika 26 nafumbua macho kile kitaa kinakimbia kama kimeona polisi. Nikahesabu: 23. Nikahesabu tena: 24. Hakuna mtu aliyeamka, hakuna mlango uliofunguka.

Nikaingia ndani kwenye boksi la swichi, nikawa nashusha moja natoka kuhesabu, naipandisha, nashusha nyingine natoka. Taa, haibadiliki. Soketi za jikoni, kikashuka kidogo, hiyo ni friji na friza. Nikashusha ile ya mwisho ambayo imeandikwa kwa kalamu na aliyekuwa fundi wetu, "PAMP". Kikarudi 5 pale pale.

Pampu ya kisima! Niliyowaambia msiihesabu!

Nikairudisha, nikakaa na saa. Inafanya kazi dakika 17, inazima. Baada ya saa 1 na dakika 20 inawaka tena. Inawaka usiku kucha na hakuna anayefungua hata bomba la choo. Nimezunguka nyumba yote na tochi natafuta maji yanakomwagika. Ardhi kavu. Tanki halifuriki. Vyoo viko kimya, nimetia hadi unga wa manjano kwenye tanki la choo nione kama rangi inapita, haipiti. Fundi, maji yanakwenda wapi?

Na jibu la swali lako: mwishoni mwa mwezi wa saba tulinyanyua tanki. Fundi bomba alitujengea mnara mpya wa zege kwa ajili ya presha.

FundiBaridi – Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Dada umenifurahisha asubuhi yangu. Bomba la kutoka kisimani linaingilia tanki juu au chini? Kabla ya kunyanyua liliingilia wapi?

MamaUbuyu_Kibamba – saa 1:22 asubuhi

Zamani juu. Sasa hivi naliona linaingia chini, karibu na tako la tanki. Alisema anatuokolea bomba mita mbili.

FundiBaridi – saa 1:30 asubuhi

Basi ndiyo hiyo. Maji hayamwagiki. Yanarudi kisimani.

Bomba likiingilia juu, pampu ikizima kilichorudi chini ni yale ya kwenye bomba tu, ya tankini hayawezi kufuata. Likiingilia chini, tanki zima limekalia lile bomba, na kinachozuia lisishuke ni chekivalvu iliyo kule chini kwa pampu, yaani valvu inayoruhusu maji yapande tu, yasirudi. Chekivalvu ikichakaa au ikibanwa na punje ya mchanga, maji yanateremka taratibu usiku na mchana. Yanafika usawa fulani, boya linashuka, linaiamuru pampu iwake. Pampu inapandisha yale yale. Yanarudi. Inapandisha.

Vipepeso 18 ni wati kama 1,100. Dakika 17 kila baada ya saa moja na nusu hivi, ni saa 4 na kidogo kwa siku. Uniti 4.6. Rudi kaangalie nilichokuandikia Jumatatu: 4.7.

Chekivalvu isikutishe, unaweza kuweka nyingine juu kwenye bomba usilazimike kuitoa pampu leo. Lakini mwambie arudishe bomba juu ya tanki. Hizo mita mbili alizokuokolea zimekula zaidi ya laki.

BintiTanga – saa 2:00 asubuhi

Miezi mitatu mnapandisha maji yale yale 😭 na mama mkwe anazima barafu.

Dereva_wa_Usiku – saa 2:09 asubuhi

Na mzee alitaka awawekee sola, maji yawe yanapanda na kurudi kwa nishati safi.

MamaUbuyu_Kibamba – Jumamosi, wiki mbili baadaye, saa 4:30 usiku

Nawaletea mrejesho kama mlivyoomba huko inbox.

Bomba limerudi juu. Chekivalvu mpya 28,000, bomba na gundi 15,000, fundi mwingine (si yule) 30,000. Kabla hajaanza kazi nilimwonyesha kitaa, akahesabu na yeye, akasema hii anaenda nayo kwa wateja wake wengine. Sasa pampu inawaka mara moja asubuhi, basi. Kwa siku 12 tumetumia uniti 64, kwa mwendo huu nitarudi kwenye 60,000 yangu au chini, maana jiko la presha nimenunua. Makande ya kwanza yalikuwa mabovu, nilitia maji mengi kama napikia mkaa, yakawa supu. Ya pili mama mkwe alikula akanyamaza, na kwake kunyamaza ni sifa. Mkaa bado tunao kwa ajili ya mahindi ya kuchoma na samaki, hapo hakuna mjadala.

Raba ya friza nimebadilisha. Kreti zimetoka kwenye buti. Matairi yalikuwa 22, 25, 24 na moja 19, kijana wa upepo alinitazama kwa huruma. Siku tatu kwa wiki naliacha gari Kimara kwa jamaa mwenye uwanja, naingia basi la mwendokasi hadi Magomeni. Asubuhi nasimama, jioni nasimama, lakini foleni naiona dirishani kama sinema ya watu wengine. Siku mbili zilizobaki ni za kupeleka mzigo, naendesha. Gesi tumeiahirisha. Mume alipiga hesabu ya Dereva mwenyewe kwenye karatasi, akaikunja akaiweka mfukoni, hajaizungumzia tena. Sola bado anaiota, ila sasa anasema ya paneli mbili za taa na TV.

Friza halizimwi tena usiku. Tatizo jipya ni mama mkwe. Nilimfundisha kuhesabu kitaa, sasa kila baada ya swala ya isha anatoka na kiti chake na tasbihi, anahesabu vipepeso punje kwa punje. Jana asubuhi kwenye chai alimgeukia mwanawe akamwambia: "Jana usiku zilikuwa saba. Wewe uliacha nini?"

Ilikuwa king'amuzi na feni ya sebuleni.

Chidi_Mwembetogwa – saa 4:33 usiku

Mama asirudi kwao tena. Mwambieni aje na kwangu.